Hija ya Fundi Lifti

Monasteri ya kwanza, 3 Machi

Dada yangu,

Nakusalimu kutoka juu sana. Natumaini Mama anaendelea vizuri na magoti yake, na shemeji amepona kikohozi. Mimi ni mzima, ila pua imebabuka kwa jua na nyayo zimechubuka.

Najua mliamka mkakuta kitanda kimetandikwa na kikaratasi mezani. Nisamehe kwa kuondoka vile. Ningeaga, ningebaki.

Tuko wanaume kumi na wawili. Anayetuongoza tunamwita Mkufunzi. Anasema mwanamume wa siku hizi amejaa kelele hata hasikii roho yake ikimwita. Simu zetu amezikusanya kwenye mfuko wa turubai akautia kufuli, ndiyo maana naandika. Barua hushuka na nyumbu wa mizigo kila Alhamisi hadi posta ya kijiji cha chini. Tutapita monasteri saba na vijiji vilivyo kati yake, miezi mitano.

Jana Mkufunzi alituambia kila mmoja aokote jiwe, alipe jina la mzigo anaoubeba moyoni, kisha alitupe bondeni. Nililitupa langu kwa nguvu zangu zote. Dada, siwezi kukueleza nilivyojisikia mwepesi. Miaka kumi na saba nimekuwa nikipandisha watu kwa mashine. Sasa napanda mwenyewe, kwa miguu yangu.

Mwambie Mama namwombea.

Mdogo wako


Nyumbani, 21 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imelowa na inanuka nyumbu. Huku hatujambo. Shemeji yako alikuwa amepona, lakini nilipomsomea habari ya mawe alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. Mama anashuka ngazi kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, kama mtoto wa mwaka mmoja, maana aliyekuwa akimshika mkono kila asubuhi amekwenda kuzungumza na majabali. Maombi yako hajayaona yakimfika gotini.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta akili, mara ya pili nilikuwa nahakikisha kwamba kweli haimo. Wanaume kumi na wawili wazima, wenye ndevu na vitambi, wanapanga foleni kutupa mawe. Huko bondeni hakuna watu wanaopita? Au roho zenu zikishakuwa nyepesi, vichwa vya wengine si hoja?

Kazini kwangu mashine moja kubwa ya kufulia imekufa, kwa hiyo mimi mwenyewe nasukuma toroli la mashuka mpaka wadi ya mifupa. Unajua ni nani amelala kitanda cha dirishani. Mfupi. Yule uliyefanya naye kazi miaka tisa, aliyekuwa akija kula hapa kila Ijumaa na kuosha sahani yake mwenyewe. Lifti iliporomoka naye amesimama juu yake, ghorofa mbili nzima, na siku sita baadaye wewe ukafunga virago. Umeandika kurasa tatu. Jina la Mkufunzi limo mara mbili. La Mfupi halimo.

Basi nikupe habari hata kama hujaziuliza. Nyonga imeunganishwa kwa vyuma. Mguu wa kushoto madaktari wanautazama na kukunja midomo. Kampuni yenu inasema kosa ni lake mwenyewe, kwamba aliichezea breki, kwa sababu fomu ya ukaguzi ya siku tatu kabla inaonyesha breki ilikuwa nzima. Nimeiona nakala ya hiyo fomu. Chini yake pana sahihi yako, imepinda vizuri kama kawaida.

Sina la kuongeza. Wewe ndiye unayesikia sauti huko juu.

Dada yako


Monasteri ya nne, 2 Mei

Dada,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Theluji ilifunga njia wiki tatu, barua yako nimeipata Alhamisi iliyopita. Pole kwa Mama. Pole kwa kazi.

Usidhani nimepumbazika. Na mimi nina macho. Kuna mwenzetu mmoja, huko mjini ni meneja wa kitu gani sijui, ambaye jua likichomoza hulia machozi, anasema amekutana na baba yake aliyefariki. Akishafuta kamasi anakimbia ndani kugombania godoro lililo karibu na jiko. Kuna mwingine, daktari wa meno, aliyeapa kutosema neno siku arobaini. Sasa anatulaumu kwa maandishi. Ana daftari zima. Viatu vyao ni vya wapanda milima hodari, na mizigo yao inabebwa na nyumbu.

Vijijini wanaume wengi wameshuka kutafuta kazi, wamebaki wanawake. Wiki iliyopita tulikaa juu ya paa la nyumba moja, tumefumba macho, tunavuta pumzi na kuzihesabu. Mwenye nyumba alikuwa amesimama ngazini na kapu kiunoni, anasubiri. Saa nzima. Tulipomaliza Mkufunzi akamwinamia: "Asante kwa subira yako, mama." Yule mama akamwambia, "Sina subira. Nina nafaka ya kuanika." Akatupita katikati kama tulikuwa kuku.

Monasteri hii imejengwa juu ya mwamba mrefu wenye vidato tu vya kupandia. Vyakula, kuni, wagonjwa na wazee hupandishwa kwa kikapu cha kamba. Juu kuna kapi la kupitishia kamba na gurudumu kubwa la mbao ambalo watawa wanalizungusha kwa mikono. Siku tulipofika, mkuu wa monasteri aliuliza kama kati yetu kuna anayejua mitambo, alitazame lile gurudumu. Mkufunzi akatuuliza mmoja mmoja. Nikasema mimi nauza miwani.

Kuhusu Mfupi nimesikitika sana. Ni mtu imara, atasimama. Mambo ya fomu ni ya ofisini, wana utaratibu wao.

Mdogo wako


Nyumbani, 19 Mei

Muuza miwani,

Wazima tupo. Mama hakuulizii tena. Zamani akisikia mlango alikuwa anainua shingo. Sasa anaendelea kumenya viazi.

Mfupi amekatwa mguu tarehe saba, juu ya goti. Nilimkuta siku ya pili. Alikuwa amegeukia ukutani, nikambadilishia shuka. Akaniuliza, "Ndugu yako anakula vizuri huko?" Hilo tu. Nikamwambia umebabuka pua. Akasema, "Masikini." Hakuwa anatania, na hakuwa anakuonea huruma. Sijui lilikuwa neno la aina gani. Naendelea kulisikia.

Sasa nisikilize. Mimi ni mfua mashuka, sijui breki inafungwa wapi. Lakini wewe nakujua. Ulipovunja dirisha la jirani ukiwa na miaka minane ulijifungia chooni ukajifanya unaumwa tumbo siku mbili nzima. Sasa umepata choo kirefu kuliko vyote duniani, na watu kumi na mmoja wa kuumwa nao tumbo. Mtu aliyefanya kazi ya lifti miaka kumi na saba anaombwa kutazama kamba inayobeba wazee, anasema anauza miwani! Hata uongo wako umekosa heshima. Ungesema unauza nyanya.

Nakuuliza swali moja, na usinijibu habari za machweo. Siku ile ya ukaguzi, ulipanda mpaka chumba cha mashine juu ya paa, au hukupanda?

Kampuni imeitisha kikao tarehe 10 Julai, saa tatu asubuhi. Mfupi atapelekwa kwa kiti cha magurudumu, aambiwe mbele ya wenzake kwamba amejikata mguu mwenyewe kwa uzembe.

Dada yako


Monasteri ya nne, 3 Juni

Dada,

Sikupanda.

Jengo lina ghorofa nane, na juu ya ya nane kuna ngazi ya chuma ya kutokea paani. Siku ile nilikuwa na majengo mengine matatu ya kukagua. Breki ile nilikuwa nimeikuta nzima mara kumi na nne mfululizo. Nilitandaza fomu juu ya boneti ya gari, nikatia alama visanduku vyote, nikasaini. Haikuchukua dakika mbili. Mfupi hakuichezea breki. Alipanda juu ya lifti kupaka grisi reli kwa sababu karatasi yangu ilimwambia inashika.

Wenzangu wamekwenda monasteri ya tano. Mimi nimebaki, na nitakwambia kwa nini, ingawa najua utanicheka.

Hapa kuna mtawa mmoja anayeshughulika na kapi. Mtu mnene, mwenye matusi ambayo sikutegemea kuyasikia mahali pa ibada. Kila asubuhi anaipapasa kamba yote kwa vidole, anatazama gurudumu, kisha anaingia kikapuni yeye mwenyewe, anashushwa mpaka chini na kupandishwa. Ndipo wengine wanaruhusiwa. Siku moja nilimuuliza anaandika wapi kwamba amekagua. Alinitazama kama nimeuliza bei ya hewa. "Niandike ili iweje? Nikikosea si mimi ndiye nitakayepasuka?"

Jumatatu nilikuwa nimekaa karibu yake wakati wanampandisha mzee mmoja mgonjwa kutoka kijijini. Lile gurudumu lina kipande cha chuma kinachoingia kwenye meno ili lisirudi nyuma. Kila jino linatoa mlio, ta, ta, ta. Nikasikia ta, ta, kimya, ta. Dada, mwili wangu ulijua kabla yangu. Nilipiga kelele washikilie, nikalidaka gurudumu na wenzangu wawili, tukampandisha mzee taratibu mpaka akakanyaga sakafu. Kile chuma kilikuwa kimelika hadi kubaki ncha. Siku mbili tatu zaidi kingeachia.

Mtawa akaniuliza, "Muuza miwani umejuaje?"

Nikamwambia kazi yangu halisi. Nilidhani atanishukuru. Akasema, "Wiki tano umekaa hapa unatazama watu wananing'inia, na kazi hii unaijua?" Akatema mate karibu na kiatu changu, akaenda zake.

Kabla hawajaondoka nilimweleza Mkufunzi yote, la Mfupi pia. Alifumba macho akaniambia hatia ni wingu tu, nilitazame likipita. Nikamwomba simu yangu. Akasema nikiondoka kabla ya monasteri ya saba nitavuruga utulivu wa wenzangu. Nikamwambia afungue ule mfuko au niufungue mimi kwa bisibisi. Aliufungua. Utulivu wake ulikwisha pale pale, aliniita mshenzi.

Fundi chuma wa kijijini anafua kipande kipya. Siondoki mpaka nikifunge na kushuka kwenye kikapu mimi wa kwanza. Mwisho wa mwezi nitakuwa kijiji cha chini. Niandikie kwa posta ya pale. Kama tarehe kumi sitawahi, wape hii barua.

Mdogo wako


Nyumbani, 17 Juni

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu. Mimi sijaamua.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye chumba cha kupigia pasi, nikaunguza foronya mbili za hospitali. Nilikuwa nimeshajua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusoma "juu ya boneti ya gari" kwa mwandiko wa mtu uliyemfundisha kuandika ni kitu kingine.

Usinitegee sifa kwa yule mzee wa kikapuni. Umeokoa mtu mmoja ambaye wiki tano ulikuwa tayari kumwacha. Yule mtawa ametema mate mahali panapostahili, ningekuwapo ningemwongezea. Na huyo Mkufunzi wako, anayeona mguu wa mtu uliokatwa kuwa ni wingu, mwambie aje wadi ya mifupa nimwonyeshe mawingu mengine kumi na manane, yamelala safu mbili.

Unataka niwape barua. Ningeweza kuwapa kesho. Wangeisoma, wangeigonga muhuri, na wewe ungekaa huko kijijini ukijiona umetubu kwa njia ya posta. Sikupi hiyo raha. Nimeitia kwenye bahasha, nimeifunga, nimemwachia mke wa Mfupi. Hajui kilichomo. Nimemwambia tarehe kumi ikifika saa tatu na mdogo wangu hajaingia mlangoni, aifungue mbele ya wote na aisome kwa sauti. Chagua mwenyewe mdomo utakaoyasema maneno hayo, wako au wake.

Mimi na Mama hatutakuwapo. Daktari wa magoti amepatikana katika mji anakoishi mama mdogo, anafanyiwa upasuaji tarehe sita na tutakaa huko wiki kadhaa. Shemeji yako atakuwa safarini kikazi, ufunguo uko kwa jirani wa chini. Usipige simu, sitapokea. Nikikusikia sauti nitakuonea huruma, na huruma yangu kwako nimeiweka mbali kwa makusudi.

Dada yako


Nyumbani, 14 Julai

Dada,

Natumaini upasuaji wa Mama umekwenda salama. Ufunguo nimeupata. Nimefagia.

Nilifika mjini tarehe nane, nikaenda hospitali moja kwa moja na mkoba mgongoni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mfupi alikuwa amekaa kitandani, anasoma gazeti. Alinitazama toka viatu mpaka kichwani.

"Umekonda," akasema.

Nikamwambia, "Mfupi, siku ile sikupanda juu. Nilisaini chini, garini."

Akakunja gazeti. Alilikunja vizuri, mara nne. "Miezi minne na siku kumi na tisa," akasema. "Nilikuwa nahesabu. Huku hakuna kazi nyingine."

"Ulijua?"

"Asubuhi ile nilipanda kwenye chumba cha mashine kubadilisha swichi. Mlangoni kulikuwa na utando wa buibui wa zamani, umejaa vumbi, mzima, toka kona hadi kona. Niliupasua kwa mkono huu. Nikajiuliza, amepitaje huyu bila kuuvunja? Kisha nikajiambia, aa, yule hawezi kusaini kitu asichokiona. Nikaamini sahihi yako kuliko macho yangu, nikashuka nikapanda juu ya lifti."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia. Dada, alicheka. Kicheko cha dharau kabisa, mpaka jirani yake akageuka.

"Nani angenisikiliza? Mimi kilema mwenye hasira, wewe mtu mwema umekwenda milimani kuomba. Meneja wetu alisema hapo hapo ulipokaa, 'Yule jamaa imemuuma sana, amekwenda kukuombea.' Nikamwambia ahsante." Kisha akafungua gazeti tena. "Tarehe kumi useme kwa sauti. Sikio langu moja halisikii vizuri tangu siku ile."

Nilisema kwa sauti. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na fomu yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Mmoja alinipa njia ya kutokea. Alisema huenda sikumbuki vizuri, labda nilipanda nikasahau, muda mrefu umepita. Nilimwambia nakumbuka hata rangi ya boneti. Leseni yangu wameichukua kwa maisha, na shauri limepelekwa mbele, huenda nikashtakiwa. Kosa la Mfupi limefutwa mbele ya wenzake wote. Atapata haki zake, na wamekubali arudi kazini, ofisini.

Mkewe alikuwa ameshika ile bahasha muda wote. Tulipotoka alinirudishia, ameishika kwa ncha ya vidole viwili kama panya aliyekufa. Nilimwendea Mfupi kwenye kiti chake nikanyoosha mkono. Hakuupokea. Alisema, "Usije kunitazama. Nikikuhitaji nitakuita." Akamwambia mkewe amsukume.

Nimepata kibarua cha kupakia mbao. Mkufunzi ameniandikia kuniuliza kama naweza kumtumia maneno machache ya shukrani kuhusu hija, awaonyeshe wanaume wa msafara ujao. Nimemwandikia. Sidhani atawaonyesha.

Mdogo wako


Kwa mama mdogo, 30 Julai

Mdogo wangu,

Mama alitembea juzi kutoka kitandani mpaka dirishani, akarudi, akadai chai kama mtu aliyevuka jangwa. Mama mdogo anakusalimu, anasema wewe ni mpumbavu. Nilimwambia hilo tunalo tayari.

Nimezungumza na mke wa Mfupi kwa simu. Wanampima mguu wa bandia. Amekwisha kuwagombeza mafundi wawili kuhusu skrubu. Nilimuuliza kama atakuita. Akasema, "Dada, sidhani." Basi nawe usikae karibu na simu umefumba macho kama uko juu ya paa la watu. Mtu ana haki ya kutokukuita mpaka afe. Pakia mbao.

Ulivyosema yale ya boneti mbele ya wale watatu, na mmoja wao amekufungulia mlango wa kutokea, sikutegemea. Siandiki zaidi ya hapo, usije ukaitia kwenye fremu.

Tunarudi Jumamosi kwa basi la asubuhi. Njoo stendi, Mama hawezi mzigo na mimi sitaki kumlipa mpagazi wakati nina ndugu mwenye mabega. Najua atakuuliza umeona nini huko ulikokwenda. Usimwambie habari za roho, wala ukimya, wala wale watawa. Mwambie kulikuwa na baridi, ukarudi.

Dada yako